Karatasi Nyeusi za Chumba cha Wifi

2 Machi
Mvua imeanza leo, na wifi yangu naye ameanza.

Anasema kichwa kinavuma. Anasema tangu wamalize kusimamisha ule mnara wa simu juu ya ghorofa la ng'ambo ya barabara, kuna kitu kinaingia sikio lake la kushoto na kutokea kwenye meno ya nyuma. Nilikuwa nakata karatasi za mifuko, mikono yote gundi. Nikamjibu bila kuinua macho, "Wifi, kwa mvua hii hata mimi kichwa kinavuma." Akaondoka. Nikasikia mlango wake ukifungwa polepole, ule ufungaji wa mtu anayetaka ujue kwamba hakuubamiza.

Ndivyo tunavyoishi. Mume wangu, Fundi kama mtaa mzima unavyomwita na mimi pia, anatengeneza redio na simu chumba cha mbele. Mimi nagundisha mifuko ya karatasi ukumbini. Dada yake anashona chumba cha nyuma. Nyumba ni ya marehemu baba yao. Mgeni humu ni mimi, na wifi hajawahi kunikumbusha, jambo ambalo linaniudhi zaidi kuliko kama angenikumbusha.

5 Machi
Mvua. Gundi haikauki. Mifuko ya duka la dawa imeshikana yote kama ndugu.

8 Machi
Leo katuaibisha. Ameingia dukani kitambaa amekikaza kichwani, Fundi akiwa na wateja, akasema, "Mdogo wangu, nakuomba uzime hizo redio. Zote." Zilikuwa mbili tu zinalia. Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa amekaa pale kusubiri simu yake, na ule mdomo wake haujawahi kupita kitu bila kukionja. Akasema, "Fundi redio, dada yake anazikimbia redio! Hii ni kama mchinjaji kuoa mke asiyekula nyama." Watu wakacheka. Fundi alicheka kuwazidi wote.

Mezani hakugusa chakula. Nikamwambia dada yako anatuvunjia heshima. Akasema, "Mama alipofariki nilikuwa siwezi hata kufunga kamba za viatu. Huyo ndiye aliyenifunga. Alishona sare za watoto wa watu hadi vidole vikavimba ili mimi nikajifunze ufundi." Aliyasema kama mtu anayesoma bango analolipita kila siku tangu utotoni.

11 Machi
Fundi amekuja na wazo, na leo nimekumbuka kwa nini niliolewa naye.

Anasema tumtengenezee dada chumba ambacho mawimbi hayaingii. Bati ni ghali, na chumba kitakuwa tanuri. Lakini kuna rafiki yake anayesubu vyuma, na huko wanapaka kalibu zao, zile wanazomiminia chuma kilichoyeyuka, unga wa grafiti, ile nyeusi iliyomo ndani ya penseli. Unapitisha umeme kidogo, na kitu kinachopitisha umeme hulizuia wimbi. Ukiupaka kwenye karatasi kwa gundi, ukabandika ukutani, umepata ukuta unaozima redio kwa bei ya uji. "Na gundi na karatasi," akasema, akinishika bega, "ninaye bingwa wake ndani ya nyumba."

Nilimuuliza kama anaamini mnara unamuumiza dada yake. Akasema, "Hapana. Lakini yeye anaamini. Akilala, na sisi tutalala."

14 Machi
Siku nzima na unga ule. Nimejifunza haya: ukiuweka mwingi kwenye gundi ya wanga, karatasi ikikauka unapukutika. Ukiuweka kidogo, ni rangi tu, haizuii kitu. Tabaka la kwanza jembamba, likauke, la pili, likauke, kisha unasugua kwa mgongo wa kijiko hadi weusi ugeuke fedha. Hapo Fundi anaweka ncha za mita yake na kutabasamu.

Tulitengeneza kisanduku cha karatasi hizo, tukafungia redio ndogo inayoimba. Ikaimba kwa mbali, ikakoroma, ikanyamaza. Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Akapiga makofi kama mtoto, kisha akaona aibu, akaficha mikono chini ya kanga.

17 Machi
Tumebandika ukuta mmoja na nusu. Haikauki. Nimekoka jiko la mkaa katikati ya chumba, nachoma macho yangu kwa ajili ya mawimbi.

20 Machi
Chumba kimekamilika: kuta, dari, mlango kwa ndani, hata mbao za dirisha. Kila karatasi imepanda juu ya mwenzake, maana Fundi anasema wimbi ni kama panya, halihitaji mlango, linahitaji ufa. Tukafunga, simu mkononi. Baa za mtandao zikashuka moja moja hadi ikaandika hakuna huduma. Fundi akatangaza sheria: simu haiingii chumba hiki, wala redio, wala yeye Fundi na waya zake. Wifi akacheka. Sikujua ana mwanya.

22 Machi
Amelala. Asubuhi amekunywa chai na kuomba nyingine.

30 Machi
Nimeanza kupeleka karatasi zangu chumbani kwake. Kule ndani mchana unakuwa kama jioni, kuta zinang'aa kidogo, mvua inasikika mbali. Yeye anashona, mimi nakunja mifuko. Hatusemi sana. Leo kaniuliza kama mume wangu ananisikiliza. Nikasema akitaka. Akasema, "Tangu mtoto ndivyo alivyo. Alikuwa akipenda watu wacheke. Akianguka, kabla ya kulia anatazama kwanza nani anamwangalia."

Nilimuuliza hiyo sauti ilikuwaje. Akasema si kama nzi, kama nilivyodhani. Inakuja kwa mapigo, hasa asubuhi, du, du, du, kama mtu mzito anatembea juu ya dari. Sasa anatembea taratibu, wakati mwingine anakaa kabisa.

Nilimpelekea Fundi habari hiyo. Akatikisa kichwa. "Mnara hautembei hivyo. Nilikwambia, ni akili." Akarudi kwenye waya zake.

4 Aprili
Kanishonea blauzi. Mabega yamekaa sawasawa bila kunipima. Kanitazama tu miezi yote hii niliyokuwa simtazami.

7 Aprili
Mtaa umempa jina: Bibi Penseli. Nimemuuliza muuza mkaa nani kaanza. Akasema, "Si mumeo? Jana kwa kinyozi alituvunja mbavu. Anasema mkimchonga dada yake ataandika."

9 Aprili
Balaa. Mvua ya tangu juzi imetoboa paa upande wa nyuma. Dari ya wifi imeshuka, karatasi zangu zote zimebanduka hadi za kutani, maji meusi yamemwagika kitandani na juu ya gauni la bibi harusi alilokuwa analipiga pindo. Nimemkuta amesimama katikati, uso umechuruzika weusi wa penseli, gauni kalikumbatia. Mteja kaja, katukana, kachukua kitambaa chake.

Fundi kaziba paa. Kasema ataleta unga mwingine. Wifi akamwambia, "Mdogo wangu, nakuchosha." Akajibu, "Hapana dada, wewe tena?" Lakini nilimwona Fundi alivyomtazama kinyozi, aliyekuja kushika ngazi.

13 Aprili
Nimetengeneza karatasi mpya na mikono yangu haina amani.

Ule unga si ule. Mwepesi mno, unaruka ukipumua. Nimesugua kwa kijiko hadi mkono ukafa ganzi, haung'ai, unabaki mweusi wa sufuria. Nikafunga simu yangu ndani ya karatasi nne, nikajipigia kwa simu ya dukani. Ikalia.

Nikamwita Fundi. Hakushtuka. "Ni masizi ya chungu," akasema. "Bandika."

"Kwa nini?"

"Nataka kuona kitu."

"Fundi, huyu ni dada yako."

"Ndiyo maana. Kinyozi anasema analala kwa sababu karatasi zinazuia kweli. Mimi nasema hata ningempaka matope angelala. Tumebishana. Akilala na masizi, nitamwonyesha dada, ataona mwenyewe kuwa hakuna wimbi wala nini, ataacha ujinga. Ni dawa hiyo."

Nilisema sibandiki. Akasema basi atabandika yeye, na vibaya, na dada atauliza kwa nini.

Nilibandika. Kila karatasi imepanda juu ya mwenzake.

15 Aprili
Amelala vizuri.

16 Aprili
Amelala vizuri. Fundi kapita ukumbini anapiga mluzi.

19 Aprili
Wifi kaniambia, "Hizi za sasa zimezishinda zile za kwanza. Mkono wako umezoea." Nikasema asante. Nimeosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

23 Aprili
Leo nilifika hadi mlangoni mwake na maneno yote mdomoni. Alikuwa anaimba. Sijawahi kumsikia akiimba. Nikajiambia: nikimwambia, namnyang'anya usingizi, nikinyamaza, Fundi huenda akachoka na mchezo wake. Nikarudi na maneno yangu.

27 Aprili, Jumapili
Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye vikombe.

Fundi alimwambia dada yake kwamba mjomba wao anakuja kutoka safari, na anataka kuona chumba. Wifi alifagia tangu alfajiri. Alitandika kitambaa kipya, akaazima vikombe kwangu ili vilingane, akavaa hereni. Mjomba akaja na fimbo yake, kinyozi akaja na mkewe, akaja muuza mkaa, na watu wawili wa dukani ambao hata sijui walialikwa kwa nini. Tukabanana humo kwenye weusi.

Fundi akasema, "Dada, mweleze mjomba unavyojisikia."

Akaeleza. Alisimama, mikono ameishika mbele kama msichana wa shule. Akasema jinsi kichwa kilivyokuwa kikivuma, na jinsi alivyokuwa amefika mahali pa kutamani ardhi imfunike. Akasema mdogo wake, pamoja na kazi zake zote, alikaa na kumfikiria. "Watoto wa siku hizi wanawatupa wakubwa wao," akasema. "Huyu kanijengea usingizi kwa karatasi." Mjomba akafuta macho.

Fundi akamkonyeza kinyozi. Kinyozi akatoka barazani.

Simu ikalia. Ililia ndani ya mfuko wa shati la Fundi, ule wimbo wake wa tarumbeta, kwa sauti ya juu kabisa. Wifi akashika sikio. Fundi akaitoa, akaipokea, akasema, "Haloo, kinyozi, nakusikia kama uko kitandani mwa dada!" Akaiweka kwenye kiganja cha dada yake, akavifunga vidole vyake juu yake.

"Masizi, dada," akasema. "Masizi ya chungu. Umelala wiki mbili ndani ya masizi, na mnara uko palepale. Umeona sasa?"

Walicheka. Nataka niandike nani: mke wa kinyozi, muuza mkaa, wale wawili, kinyozi kule nje. Mjomba alianza, kisha akaacha, mdomo ukabaki wazi. Mtu akasema Bibi Penseli kawa Bibi Sufuria.

Wifi hakumtazama Fundi. Alinitazama mimi.

"Wifi, ulijua?"

"Nilijua."

Akaitikia kwa kichwa. Akaiweka simu mezani taratibu, kama yai. Kisha akasema, "Chai itapoa," akachukua birika akawamiminia wote, mmoja mmoja, hata kinyozi aliporudi ndani. Hakumwaga tone.

28 Aprili
Karatasi zote kazibandua. Kazikunja, kaziweka nje ya mlango wangu.

29 Aprili
Nilimwambia Fundi umemuua dada yako. Akasema, "Nimemponya. Hukuona? Kanyamaza." Anaamini. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba anaamini.

1 Mei
Yule mtu mzito karudi juu ya dari. Wifi hasemi, lakini namwona anavyokaa jikoni kabla hakujapambazuka sawasawa, paji la uso kalibana ukutani. Leo alitapika. Nilimwambia twende hospitali. Akasema, "Nikasemeje? Kwamba nasikia mawimbi? Niwape na wao wacheke?"

3 Mei
Nilikwenda mwenyewe kwa yule rafiki anayesubu vyuma, nikachukua unga wa kweli. Nimeupaka, nimeusugua hadi unaakisi uso. Nilimpelekea wifi karatasi ya kwanza, nikaifunga simu ndani mbele yake, tukaipigia. Kimya.

Akaipapasa kwa kidole, akatazama weusi uliobaki kwenye ncha.

"Hii ni ya kweli au ya mzaha?"

"Ya kweli, wifi. Umeona simu imekufa."

"Na wewe ukisema ya kweli, mimi nitajuaje?"

Akanirudishia. "Ile ya masizi ilikuwa nzuri zaidi," akasema. "Ile nililala."

4 Mei
Mvua.

6 Mei
Kaanguka jikoni asubuhi. Nilisikia sufuria, kisha nikasikia kitu ambacho si sufuria. Mdomo umeenda upande, mkono wa kulia umelegea, macho yananiangalia yote mawili. Fundi alimbeba mgongoni hadi barabarani kwenye mvua, analia kwa sauti, na barabara nzima ilikuwa inamwangalia.

Kiharusi. Daktari ni mwanamke mdogo aliyechoka. Akatuuliza presha yake ilikuwa ikipimwa wapi. Nikasema haijawahi kupimwa.

"Hakuwa na dalili? Kichwa?"

Nikasema kilikuwa kinavuma. Asubuhi. Kwa mapigo, kama mtu anatembea juu ya dari.

"Muda gani?"

"Tangu mvua zilipoanza. Labda na kabla."

Akakaa. "Hiyo ilikuwa damu yake. Alikuwa anasikia damu yake mwenyewe ikipita. Kuna vidonge vya hilo, mama. Hata zahanati vipo."

Fundi akasema, "Kwa hiyo hayakuwa mawimbi."

"Mawimbi gani?" daktari akauliza.

Wiki zote hizi sisi tulibishana kama ni mnara au ni wazimu. Fundi ana mita ya kupima umeme wa karatasi. Hakuna kati yetu aliyemfunga mtu yule kipimo cha presha mkononi akampima.

19 Mei
Karudi nyumbani. Anasema maneno machache, moja moja, anayavuta kama anayetoa ndoo kisimani. Mimi namwogesha. Fundi anamlisha, na lazima niseme, anamlisha vizuri, anapuliza kijiko, anasubiri ameze. Halafu anakwenda kwa kinyozi.

24 Mei
Mvua zinapungua. Mifuko inakauka.

1 Juni
Jua kali. Tulimtoa wifi na kiti chake, akaomba kwa kidole awekwe kwenye mlango wa duka unaotazama barabara, apate upepo. Kiti kikaziba mlango wote. Mtu akitaka kupita aruke.

Duka lilikuwa limejaa. Mteja mgeni akauliza huyu mama anaumwa nini, na Fundi akaweka chini kifaa chake. Nikajua inakuja hadithi.

Akaanza. Jinsi dada yake alivyomlea. Jinsi alivyoteseka na mnara. Jinsi yeye, usiku na mchana, alivyotafuta unga wa grafiti, akachanganya gundi, akapaka, akasugua, akamjengea dada chumba kizima kisichopenywa na wimbi, kwa karatasi tu. Alionyesha kwa mikono jinsi redio ilivyokoroma ikanyamaza. "Alilala kama malaika," akasema. "Basi presha ikaja kumwonea. Mungu ndiye anayejua." Mteja akasema, "Ndugu kama wewe ni wachache." Kinyozi akaitikia, ndiyo, ni wachache.

Nusu ya mdomo wa wifi ikapanda juu. Mteja akasema, "Mnaona, naye anafurahi."

Nilikuwa ukumbini na brashi mkononi. Nikasogea hadi nyuma ya kiti. "Waambie na za pili," nikasema.

"Za pili nini?"

"Karatasi za pili. Za masizi."

Fundi akacheka kidogo. "Mke wangu, gundi yako inaungua jikoni."

"Iungue."

Nikasimulia. Sikupandisha sauti. Paa lilivyovuja, unga alioleta, simu iliyolia ndani ya karatasi nne, na mimi niliyejua, nikabandika, na kupokea shukrani. Nikawaambia habari ya vikombe vilivyolingana. Nikawaambia simu ilivyolia mfukoni na nani alikuwa barazani, na kinyozi akatazama viatu vyake. Nikawaambia nilimwomba twende hospitali akaogopa kuchekwa. Hakuna aliyecheka. Mteja mgeni akachukua simu yake ikiwa bado haijafungwa kifuniko, akaangalia mlango, akaona hana pa kupitia.

Nilipomaliza, Fundi alikuwa mweupe midomo. Akasema taratibu, "Umeridhika?"

Nikahisi kitu kinavuta sketi yangu. Ni wifi, kwa ule mkono wa kushoto uliobaki. Nilidhani ananizuia. Nikainama, nikaweka sikio karibu na mdomo.

"Ru," akasema. Akapumzika. Akameza mate. "Rudia."

Fundi akatazama mlango, na kiti kilikuwa mlangoni. Nikarudia tangu mwanzo.